Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Taabu zangu zilianza mwaka wa 1961, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa, nikatoka darasa la tatu, sikurudi. Nilichojua nimejua kwa kutazama, na kiumbe nilichokitazama kuliko vyote ni mbwa.

Mwaka wa 1993 nilikaa Sarang'ombe, Kibera, chumba kimoja na mama watoto na watoto wanne, nikiunda majiko ya mabati hapo hapo mlangoni. Dereva wa lori, mteja wangu, aliniletea mbwa mdogo kutoka Zaire. Rangi ya kutu, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Alisema huko msituni wanawinda nao, na hawabweki. Nikadhani amenitupia mgonjwa.

Wapi. Alijilamba mwili mzima kama paka. Mvua aliichukia. Alipanda paa la choo akakaa kutazama watu. Ukimwita, anakuangalia kwanza, anafikiria, halafu anaamua. Watoto wakirudi kutoka shuleni alitoa sauti fulani, si kulia, si kuimba. Nilikuwa naacha nyundo nimsikilize. Mama watoto alisema nimeoa bibi wa pili.

Shida ilikuwa kwa mwenye nyumba, mzee Mnubi, mtu wa sala tano. Mbwa wengine walibweka, akawakwepa. Wangu alitokea kimya, akamgusa kanzu kwa pua yenye majimaji, ambayo kwake ni najisi, na mzee akarudi kufua na kubadilisha kabla ya kwenda msikitini. Mara ya tatu alikuja kwangu.

"Fundi, mbwa nisiyemsikia simtaki. Akinigusa tena, mnatoka wote."

Kutoka pale ni kuacha wateja wangu wote. Nikakata mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaning'iniza nati ndani iwe kengele, nikamvisha shingoni. Siku tatu alijibingirisha chini akiukataa. Halafu akatulia, ploti nzima ikamsikia, na mzee akawa ananipungia mkono.

Wiki ya pili kengele ikanyamaza. Nikaikagua, nati imo. Asubuhi moja nikakaa nimchunguze. Alikuwa ananyemelea kuku wa jirani, shingo ameikaza, anaweka mguu mmoja mmoja kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Nati haikugusa bati. Kuku aliporuka, akajitikisa, kengele ikalia. Mimi niliyeiunda nikabaki mdomo wazi.

Ijumaa hiyo mzee alipita na kanzu nyeupe, na mbwa akaanza kumfuata vile vile. Ningeweza kuita. Nasema kweli, sikuita. Nilitaka kuona kama ataweza.

Aliweza.

Mzee aligeuka, akaangalia kanzu, akaangalia kengele. Akaniuliza kama imeharibika.

"Haijaharibika, mzee. Ameijua."

Akaniambia niitikise. Ikalia. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akapangusa macho.

"Basi ametushinda wote wawili. Tafuta nyumba, fundi. Nakupa mwezi."

Mama watoto aliniuliza mbona nisimpe mtu mbwa, tubaki. Nikamwambia kitu ambacho sijamaliza kukielewa siwezi kukigawa. Akaanza kufunga vyombo. Tulihamia Kawangware, upande wa Gatina, mbwa amekaa juu ya mabati kwenye mkokoteni kama yeye ndiye mwenye mali. Wateja nilianza kuwatafuta upya, mmoja mmoja. Mbwa aliishi nasi miaka mingine tisa, na sikumaliza kumwelewa.

Leo nina ploti Gatina. Nyumba ya mawe, vyumba sita. Karakana yenye mashine ya kukunja mabati. Ng'ombe wawili nyumbani kwetu, magharibi ya nchi. Kengele ya mkebe, na nati yake. Mbwa sina. Wa kubweka simtaki.