Makaburi ya Ardhi Inayoyeyuka

Niliondoka Voi kwa ajili ya udongo. Kazi yangu ni kupima udongo wa mashamba, hasa upande wa Sagalla, ambako mvua siku hizi huja ikipenda. Watafiti wa Kanada tuliowahi kufanya kazi nao waliniita niungane nao kaskazini kabisa mwa nchi yao, ambako ardhi iliganda tangu enzi asizozikumbuka mtu na sasa inayeyuka. Mama yangu, kule Mghange, aliuliza jambo moja tu: "Mkawasi mwanangu, baridi hiyo utaiweza?" Nikamwambia nitavaa.

Nilipanda treni hadi Nairobi, kisha ndege kubwa mbili, na mwisho ndege ndogo ya propela iliyobeba watu wachache na maboksi mengi ya vyakula. Chini niliona nchi tambarare isiyo na mti, imejaa vidimbwi na maziwa. Nilidhani nchi ile ina maji ya kumwaga. Baadaye niliambiwa kwamba baadhi ya maziwa yale yanakauka, kwa kuwa barafu iliyoyashikilia kwa chini imepasuka.

Uwanjani nilipokewa na Martha, mwalimu wa shule ya kijiji, mwanamke wa rika langu. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Nyumba yake ya mbao imesimama juu ya nguzo, na nguzo za upande mmoja zimezama. Alipopakua supu, ilijaa ukingo mmoja wa bakuli na kuacha mwingine mkavu.

"Utazoea," alisema. "Kila mwaka baba mdogo huiinua kwa jeki, tunatia vipande vya mbao, nayo inazama tena."

Siku iliyofuata tulikwenda kuchimba. Udongo wa juu ulikuwa laini na wenye majimaji, kama wa bonde la mpunga. Hapo hakuna ajabu, maana huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Chini yake ndiko kuliko na ule ambao haukupaswa kuyeyuka. Tulitoa kipande kirefu kama mkono, kigumu kama jiwe, kikiwa na mizizi na majani ambayo hayajaoza, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya friza. Nilikishika. Kilipoanza kulainika kiganjani, kikatoa harufu ya majani yanayovunda.

Harufu hiyo ndiyo habari yenyewe. Udongo ukiyeyuka, vijidudu huamka na kula mabaki yale, na katika kula hutoa gesi ya kaboni na methani. Gesi hizo hupanda angani na kuzuia joto lisitoke. Joto likizidi, udongo mwingine unayeyuka, na vijidudu vinapata chakula zaidi. Nilikuwa nimeyasoma haya. Kuyanusa ni jambo jingine.

Jumapili, baada ya ibada, watu walibaki kanisani kuzungumzia makaburi. Makaburi ya kijiji yako juu ya ukingo wa bahari, na ukingo ule unamomonyoka kila mawimbi yanapopiga, kwa sababu barafu iliyoufunga imelegea. Familia zote zilikuwa zimekubali kuwahamisha marehemu wao hadi kwenye mwamba ulio bara. Ila mmoja hakukubali, naye ni Elias, yule baba mdogo wa Martha. Mkewe amelala pale.

"Nilimzika mara moja," alisema, akiwa amesimama. "Siwezi kumsumbua. Mtu akishazikwa, amepumzika."

"Baba mdogo, bahari itamsumbua," Martha alimjibu. Mzee akatoka nje.

Tulimkuta nyumbani kwa Martha, amekaa kwenye ngazi. Nilimwamkia, nikataka kupita. Akaniuliza kwetu tunazikaje.

Nikamweleza kwamba siku hizi tunazika shambani, karibu na nyumba. Lakini zamani, kwetu Taita, mzee akishakaa kaburini muda wa kutosha, watu wake walilifukua fuvu lake na kulipeleka pangoni, likae na ya wazee wenzake.

"Mliwatoa ardhini nyinyi wenyewe?"

"Watu wetu wenyewe."

"Na hamkuona ni kuwadharau?"

"Ilikuwa heshima. Mtu asiye na wa kumtoa ndiye aliyehurumiwa."

Alitazama baharini, akainuka, akaingia ndani kunywa chai.

Siku ya kufukua alikuja na koleo lake mwenyewe. Vijana walitaka kumsaidia, akakataa. Udongo wa juu ulitoka kama uji. Alipofika kwenye barafu ikabidi atumie sururu, na hapo ndipo alipomruhusu Martha ashike upande wa pili. Jeneza lilikuwa zima. Elias alilifuta matope kwa shati lake, akaliwekea mkono, akasema kitu kwa lugha yao. Sikuuliza maana. Tulilibeba hadi mwambani, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba.

Nilirudi Voi na mifuko ya sampuli pamoja na mafua. Kabla mwezi haujaisha Martha aliniandikia kwamba dhoruba imeuchukua ukingo ule wote.

Wiki hiyo nilikuwa Sagalla, kwenye shamba la Mama Mshai, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka yakiwa urefu wa goti. Akataka kujua nilikoenda, nikamsimulia mpaka jeneza. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Hao watu wa barafu," aliuliza, "ndio wenye viwanda vinavyochafua hewa?"

"Hapana, mama. Ni wawindaji na wavuvi. Kijiji kidogo tu."

"Kumbe." Akatazama mahindi yake. "Na huyo mzee, amepata mtu wa kumpikia?"

Nilikuwa nimepima joto la udongo kwa kina mbalimbali, nimehesabu gesi, nimepiga picha za nyufa. Swali hilo sikuwahi kuliuliza. Nikatoa simu, nikamwandikia Martha papo hapo, tukiwa tumesimama katikati ya mistari ya mahindi makavu, Mama Mshai akisubiri jibu.