Kichupa cha Halud

Mimi ni mtu wa usafi, na nalisema hili kwa aibu, kwa sababu usafi huo ndio ulionikosesha. Kwetu ni watu wa asili ya Omani, wenye maduka, na nimelelewa nikiamini kwamba mtu hujulikana kwa harufu yake kabla hajaonekana uso. Nilipoolewa mtaa wa Nguvumali nilihama na chetezo changu. Nyumba nikaifukiza udi kila Alhamisi, asumini nikaziweka katikati ya mashuka, na mgeni akiondoka bila kusema "mashaallah, nyumba yanukia" siku yangu iliharibika. Kisha nikajaliwa mtoto anayenuka maziwa.

Ni mtoto wa kike, sasa ana miaka minne. Alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na kumeza hakujui. Kila kijiko cha uji kilimpalia na kushuka kifuani, tukawa wageni wa wodi mwezi hadi mwezi. Alipotimiza miaka miwili madaktari walimtoboa tundu dogo juu ya kitovu, wakapitisha mpira mpaka tumboni. Humo ndimo tunamopitishia maziwa na uji mwepesi kwa bomba la sindano. Mpira ule ulimnenepesha mwanangu, na aliyeubuni namwombea dua bila kumjua. Ila pembeni mwa tundu huvuja kidogo kidogo, maziwa yaliyochanganyika na maji ya tumbo, na yakikaa kwenye ngozi huchacha na kuibabua.

Mume wangu anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, Horohoro, na hurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo mama yake alitoka kijijini kwake Moa na begi moja akaja kunisaidia. Muuguzi alitufundisha sote wawili: osha kwa maji safi ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha vizuri, paka yale mafuta meupe mazito ya kukinga ngozi, weka kitambaa chepesi, na kikilowa badilisha. Mkwe wangu hasomi kitu ila msahafu, lakini maneno yale aliyahifadhi kama sura. Asubuhi alimsafisha yeye, jioni mimi. Vitambaa alivifua yeye kwa mikono na kuvianika juani.

Nami nilikuwa namdharau. Si kwa mdomo, maana nimefunzwa adabu, bali moyoni. Kanga zake zilinuka moshi wa kuni hata baada ya mwezi mzima wa jiko la gesi. Wageni wangu wakija alikaa chini mkekani na makochi yapo.

Siku ya Idi walikuja shangazi zangu. Mkubwa wao alimpakata mtoto, akambusu, kisha taratibu akaivuta ncha ya mtandio wake akaiweka puani. Laiti angesema kitu, ningemjibu, maana ulimi ninao. Niliona uso unaniwaka, na walipoaga wakasema watapita tena kesho na kesho kutwa, Idi haijaisha.

Nilikuwa na kichupa cha halud, yale mafuta mazito ya kunukia wanayojipaka wanawake wa pwani. Mkwe wangu mwenyewe aliniletea kwenye arusi yangu, na sijui alijinyima nini kukipata. Jioni ile, zamu yangu ya kumsafisha mtoto, nilifunga mlango nikatia tone moja kwenye kitambaa. Tone moja tu, nilijiambia, na kwenye kitambaa, si kwenye ngozi. Kesho yake harufu ya maziwa ikashinda, nikaongeza. Siku ya tatu nikampaka pembeni mwa tundu kwa kidole.

Mwanangu hasemi. Akiumia hukunja miguu mpaka magoti yaguse kifua. Kila jioni nilipomkaribia alikunja miguu, na kila jioni nikasema ni gesi. Shangazi yangu alikuja tena, akampakata muda mrefu, mtandio ukabaki mabegani. Nilifurahi, ndiyo. Hilo nalo naliandika.

Siku ya sita ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, ina malengelenge madogo yanayotoa maji. Tulikwenda kliniki mimi na mkwe wangu. Muuguzi, msichana mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia bibi shikamoo, akafunua tumbo la mtoto, akainama kulitazama. Kisha akauliza, "Amepakwa nini huyu?"

Jibu lilikuwa neno moja. Kwenye benchi walikaa akina mama wanne, mmoja wao jirani yetu wa mtaa wa pili. Nikasema, "Asubuhi husafishwa na bibi yake."

Kila neno lilikuwa la kweli. Sijapata kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Muuguzi alimgeukia mkwe wangu. Alisema kwa heshima, bibi hivi na bibi vile, lakini alisema kwa kirefu na sauti ilisikika benchini. Alitaja mafuta ya nazi, akataja majani, akataja mambo ya kijijini ambayo mtoto mwenye mpira hayawezi. Mkwe wangu aliniangalia mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa.

"Nimekosa, mwanangu," akamwambia yule msichana. "Sitarudia."

Njia nzima ya kurudi nilimshika mtoto kifuani nikatazama mbele. Jioni mume wangu alipiga simu, na nilipomweleza alivyosema muuguzi akaomba kuongea na mama yake. Nilimsikia bibi akiitika tu, naam baba, naam. Mwana alikuwa anamwambia mama yake aliyemlea kwamba mtoto amwachie mkewe.

Tulipewa dawa, na ngozi ilipoa kwa wiki mbili. Kichupa nilikizika chini ya sanduku la nguo. Ningeweza kusema yameisha, isipokuwa kila asubuhi mkwe wangu alisimama mlangoni mwa chumba na beseni lake la maji ya vuguvugu, hakuingia, akauliza, "Naruhusiwa?" Hakuuliza kwa kejeli. Angeuliza kwa kejeli ningelala usingizi. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuwa na wa kumlilia.

Kisha akaniambia anarudi Moa, mihogo yake inaliwa na ngedere. Ngedere wa Moa hawakuanza jana. Nilimfuata uani alikokuwa anaanika vitambaa, nikasimama nyuma yake.

"Mama, ni mimi. Nilimpaka halud."

Aliendelea kubana vitambaa kwenye kamba. "Vitambaa vyake nafua mie," akasema. "Halud ile naijua, n'linunua mwenyewe. N'lidhani ni ya mikono yako tu, mpaka siku ile kliniki."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kosa lisilo lake.

"Ulikuwa mbele za watu. N'kakusitiri. N'kasema moyoni, ataniambia njiani. N'kangoja mpaka nyumbani. N'kangoja na kesho yake."

Nilipiga magoti palepale kwenye maji ya kufulia, nikamwomba radhi. Alininyanyua kwa mkono mmoja, mwingine una vibanio. Akasema yeye ameshanisamehe kitambo, ila yuko mwingine wa kuombwa, na huyo hana mdomo wa kunijibu.

Siku ileile nilimpigia simu mume wangu nikamweleza yote. Kisha akaniomba nimpe mama yake. Safari hii aliyeitika alikuwa mume wangu, na bibi akasema kidogo tu: mtoto mzima, kazi njema huko. Mkwe wangu hakwenda Moa. Kliniki iliyofuata nilimwambia muuguzi mbele ya benchi zima, lakini akina mama walikuwa wengine, na wale wanne mpaka leo wanamjua bibi wa Moa aliyembabua mjukuu wake.

Ngozi ya mwanangu sasa ni nzuri, siku mbaya zikija tunaziwahi. Udi nafukiza ukumbini tu. Asubuhi bibi yake anapomgusa analala amenyooka, anatazama dari, anacheka peke yake. Jioni nikiingia mimi, mikono nimeiosha mara tatu na haina harufu yoyote, anakunja miguu.

Kwa hiyo nasimama mlangoni na beseni langu, nauliza, "Naruhusiwa?" Juzi mguu mmoja ulinyooka. Wa pili bado. Maji yakipoa, naenda kuyapasha tena.