Kumwambia Mtu Msiba

Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi kwenye gari la wagonjwa, aliacha kuchambua mchele, akaniangalia.

"Lile linalopiga kelele?"

Nikasema ndilo.

"Mwanangu, umesomea uuguzi miaka mitatu ili ukabebe maiti?"

Hakuwa na nia mbaya. Mtaani kwetu Buguruni ndivyo tulivyolizoea gari lile. Mgonjwa alikimbizwa kwa bajaji, au kwa gari la jirani, amekalishwa katikati ya watu wawili wanaomshika asianguke mbele. Ambulansi ilikuja siku za baadaye kumrudisha, na wanawake wakiiona inakata kona walianza kujifunga kanga viunoni. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza nilipotoka nyumbani na sare yangu ya kijani, jirani mmoja alinisalimia kwa sauti ya kunipa pole.

Kituo chetu kilikuwa Magomeni, na kwenye gari letu tulikuwa watatu. Dereva alikuwa mtu mzima aliyeendesha malori ya makontena kutoka bandarini kwa miaka mingi, mpaka safari za mikoani zikamchosha. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba huku anakagua matairi. Aliyekuwa juu yangu kikazi ni dada mmoja wa Songea, muuguzi aliyefanya kazi chumba cha dharura muda mrefu kabla ya kuja kwetu. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu, hata anaponigombeza. Wiki ya kwanza hakunifundisha kuokoa mtu yeyote. Alinifundisha kupanga begi. Kila kitu kina mfuko wake, na alinitaka niweze kukitoa nikiwa nimefumba macho. Nikikosea, anamwaga vyote sakafuni, tunaanza upya.

Wiki ya pili mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikaingia: mtu ameanguka Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitambaa, hapumui. Aliyepiga alikuwa mama mwenye duka. Mwenzetu wa kwenye simu alikuwa anamwelekeza namna ya kumbonyeza kifua.

Kutoka Magomeni hadi Kariakoo ni kuvuka bonde la Jangwani tu. Siku ya kawaida hata wimbo mmoja wa redioni hauishi. Lakini Jangwani ilikuwa imejaa maji, barabara imefungwa. Kigogo nako hakupitiki. Dereva akageuza gari, tukazunguka kwa Daraja la Salenda, tukaingia Posta, ndipo tukarudi Kariakoo kutokea upande wa pili. King'ora kinalia, magari yanajitahidi kusogea lakini hayana pa kusogea. Nilikuwa nimepakata mashine ya kushtua moyo, namwona dada anatazama saa yake, halafu anaacha kuitazama.

Mtaa wa duka lenyewe ulikuwa umezibwa na fuso inayoshusha mizigo. Tukashuka, tukamwacha dereva na gari, tukaenda kwa miguu katikati ya matope na meza za wauza viatu. Mbeba mizigo mmoja, mtu wa makamo, alinipokea mtungi wa oksijeni bila kuniuliza, akautupia begani, akatangulia mbele yetu akipiga kelele zile zile anazopigia marobota yake: "Mzigo! Mzigo! Pisha njia!" Watu wakapisha.

Nilichokikuta pale sikukitegemea. Aliyeanguka alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba, shati limefunguliwa vifungo. Mama mwenye duka, Mhindi wa umri wa kama miaka sitini, alikuwa amepiga magoti sakafuni, nywele zimefumuka, anambonyeza kifua kwa mikono miwili. Bangili zake alikuwa amezivua, zimetupwa kando. Alikuwa anahesabu kwa sauti iliyokwisha kukauka. Watu walisimama wamemzunguka, na mmoja akatuambia kwamba wamemwomba wampokee, amekataa.

"Mama, tumefika," dada akamwambia. "Sasa tuachie sisi."

Hakusikia. Ilibidi nimshike mabega, nimvute taratibu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

Nikachukua nafasi yake. Kifua cha yule mzee kilikuwa cha joto. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, joto lile, kwa sababu lilinipa tamaa. Tulibonyeza kwa zamu, tukampa hewa, tukamuunga kwenye mashine. Mashine ikasema mshtuko hautamsaidia. Tukaendelea. Jasho lilikuwa linanitiririka machoni, na pembeni yangu cherehani ilikuwa bado ina gauni la rangi ya samawati limebanwa chini ya sindano. Dada akampigia daktari wetu wa zamu, akamweleza kila kitu, muda tuliochukua njiani na muda tuliobonyeza. Akasikiliza jibu lake. Kisha akaniwekea mkono mgongoni.

"Basi, mdogo wangu. Inatosha."

Niliendelea kubonyeza mara tatu au nne zaidi. Hakunigombeza.

Tulimwingiza ndani ya duka tukamlaza. Utaratibu ulitutaka tusubiri polisi na gari jingine, maana letu ni la walio hai. Mama mwenye duka alisimama mbele ya rafu zake kama mtu aliyesahau alichokuja kununua, halafu akashusha gora la bafta jeupe, akachana kipande kirefu, akamfunika mwenyewe. Akatuambia kwamba fundi amekaa kwenye baraza lile tangu enzi za baba yake. Kila saa nne walikunywa chai pamoja, yeye kwenye kaunta, fundi kwenye cherehani. Leo alimwita achukue kikombe chake, hakuitika.

Ndipo tukasikia kwamba mke wa fundi yuko njiani kutoka Mbagala. Aliambiwa kwa simu kwamba mumewe amezidiwa.

Mwenye duka la jirani, mzee wa kofia na kanzu ambaye wote pale walimsikiliza, akatuita pembeni. "Akifika, mwambieni amepelekwa hospitali," alisema. "Sisi tutampandisha gari, tutamrudisha nyumbani. Akikuta wazee na wanawake wenzake, ataambiwa. Mtu haambiwi msiba barabarani."

Alisema kwa upole, na hakuna aliyempinga. Najua desturi hiyo. Fundi yule alikuwa mtu wa Lindi, na baba yangu pia alikuwa mtu wa Lindi. Baba alipofariki, mimi nilikuwa bweni, Masasi, kidato cha tatu. Mwalimu wa malezi aliniambia, "Baba yako anaumwa kidogo, unahitajika nyumbani." Nilipanda basi alfajiri. Konda alinipa kiti cha mbele, akaninunulia soda bila kuniuliza, na hakunidai kitu. Tulipofika Somanga, abiria wakashuka kununua samaki, mimi nikabaki kitini nikijiuliza kwa nini konda ana huruma namna ile. Nilijua pale pale. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeniambia, niliona nikilia nitakuwa nimemuua baba mimi. Nikakaa nalo mpaka Dar, mpaka nilipoona maturubai na masufuria mlangoni kwetu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwasamehe walioniambia anaumwa kidogo.

Dada akaniangalia. "Ni kazi yetu kumwambia," akasema. "Nikuachie wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi."

Mke wa fundi alifika kwa bajaji, amevaa kanga na dera, miguu ina matope mpaka kwenye vifundo. Watu waliokuwa mlangoni wakanyamaza wote kwa pamoja, na nadhani hapo alikwisha kujua. Nikamshika mkono, nikampeleka upande wa nyuma wa duka, kwenye marobota, nikamkalisha kwenye kigoda, nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Chuoni tulifundishwa kwamba usiseme ametutoka, usiseme hali si nzuri, usiseme tumejitahidi sana ukaishia hapo. Sema neno lenyewe, kisha unyamaze. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi na wenzangu darasani, tukicheka.

"Mama, mume wako alianguka hapa asubuhi hii. Moyo wake ulisimama. Tumemhudumia, hatukuweza kuurudisha. Amefariki."

Hakulia. Alinitazama kwa muda, kama anangoja niseme na jingine. Kisha akasema, "Nilimwambia asiende, mvua. Akasema kuna gauni la harusi la watu." Akajifuta matope ya mguu mmoja kwa pindo la kanga, taratibu, kisha mguu wa pili. "Nani alikuwa naye?"

Kabla sijajibu, mama mwenye duka akajitokeza. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. "Mimi," akasema. "Nilimbonyeza. Nilimbonyeza sana, hakuamka."

"Ulimshika wewe?"

"Nilimshika."

Mke wa fundi akavichukua viganja vile vyekundu, akavigeuza, akavitazama. Aliyeanza kulia ni mama mwenye duka. Mwenzake akafuatia, na kilio chake kilipotoka, mtaa mzima ulikisikia. Hata walioshusha mizigo kwenye fuso waliacha.

Yule mzee wa kofia akanijia. Hakupandisha sauti. "Binti, ungemwacha afike kwake. Sasa safari ya Mbagala ataifanyaje na hilo?"

Nilimwona mke wa fundi amekaa kwenye kigoda katikati ya wanaume wasiomjua, mbali na dada zake, mbali na kitanda chake, kanga imemvuka kichwani, hakuna wa kuirudisha. Niliirudisha mimi. Baadaye mama mwenye duka alishusha milango ya duka mchana kweupe, akapanda naye gari, akamsindikiza hadi Mbagala. Niliwaona wanaondoka, wameshikana mikono kiti cha nyuma.

Njiani kurudi dereva alikuwa anajisemea. "Ningejaribu Kigogo. Huenda Kigogo ningepita." Dada akamwambia, "Baba, Kigogo kulikuwa na maji mpaka kwenye vioo. Tuliambiwa." Tulipofika Salenda akasema tena, "Ningejaribu."

Nikamuuliza dada kama nilifanya vizuri.

"Ulimwambia ukweli," akasema. "Kama ulifanya vizuri, sijui." Halafu akanikumbusha kufuta mashine na kujaza begi.

Jioni ile nilimkuta mama uani anakuna nazi. Nikakaa kwenye ngazi, nikamsimulia yote, na nilipomaliza nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini waliniambia baba anaumwa.

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Mwalimu wako alitaka kukuambia," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwomba kwenye simu, mpaka konda nikamtafuta nikamwomba akutazame. Ulikuwa na safari ya kutwa nzima, peke yako. Ningekuambia, ungelilia begani kwa nani?"

"Nilijua, mama. Tangu Somanga."

Akaweka kifuu chini. "Sikulijua hilo," akasema. Kisha akaniambia, "Pole, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kunipa pole ya msiba ule. Nami nikamwambia pole, maana naye alikuwa amefiwa na mume siku hiyo, na bado akapata akili ya kumtafuta konda.

Sijabadili neno ninalosema. Bado nasema amefariki, na bado siwaambii watu kwamba mgonjwa amepelekwa hospitali wakati amelala chumba cha pili. Ila sasa kabla ya kusema nauliza, "Uko na nani hapa?" Kama hayuko na mtu, namtafutia. Jirani, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, yeyote mwenye bega. Nimewahi kusubiri muda mrefu dada wa mtu afike kutoka Ilala, nikiwa nimemshika mkono mtu anayeniuliza na mimi nikimjibu, "Subiri kidogo, dada yako anakuja." Anajua. Ninajua kwamba anajua. Ni kama Somanga, tofauti ni kwamba kuna mtu amekaa naye.

Wiki chache baada ya arobaini ya fundi, mama mwenye duka alikuja kituoni kwa miguu yake. Alitaka mtu wa kuwafundisha watu wa jengo lake kubonyeza kifua. Dada akanituma mimi. Nilikwenda Jumapili, duka limefungwa kwa wateja. Walikuja mafundi wa mabaraza ya jirani, wauza viatu, wabeba mizigo, wanawake wanaouza chai. Yule mzee wa kofia pia alikuja, akakaa mbele. Sikuwa na sanamu za mazoezi za kutosha watu wote, tukashusha robota la vitambaa, nikachora kifua kwa chaki.

Walianza kwa kucheka na kubonyeza kwa vidole, kama wanaopima embe. Nikawaambia mbavu zinaweza kuvunjika na bado mtu akaishi. Wakaacha kucheka. Mzee wa kofia akavua kanzu yake, akabaki na fulana na suruali, akapiga magoti.

"Hapa?" akaniuliza.

"Chini kidogo, baba. Hapo. Tumia uzito wa mwili."

Akabonyeza. Mama mwenye duka, kwenye kaunta yake, alikuwa anahesabu kwa sauti.