Chemchemi Niliyoifuta kwa Kitambaa

Kazi yangu ni kuchora. Nimechora ng'ombe mwenye mishale na majina ya viungo kwa ajili ya vitabu vya shule, nimechora hatua za kunawa mikono kwa ajili ya zahanati, na wakati mmoja nilimchora kuku anayetabasamu kwenye bango la hoteli, jambo ambalo bado naulizwa. Kisha nikaitwa Bungoma kuuchora mji ambao haupo tena. Ninaishi Kitale siku hizi, lakini Bungoma ndiko nilikozaliwa, na walionialika walisema hiyo ndiyo sababu. Walitaka mchoraji anayelijua bonde la mji. Laiti wangejua nalijua kiasi gani, wangemtafuta mtu mwingine.

Walikuwa kikundi cha wenyeji tu: wazee, akina mama wa sokoni, vijana wachache wa kupaka rangi. Walitaka ukuta wa ukumbi wao uonyeshe mahali hapa palivyokuwa kabla ya majengo. Vijito vilipita wapi, ng'ombe walinyweshwa wapi, mti gani ulikuwa mpaka wa nani. Utaratibu wa kazi niliutunga mimi, na nilijisifu kwao mno. Tulishona vipande vya kitambaa cheupe cha amerikani vikawa shuka moja kubwa, tukalitandaza sakafuni. Yeyote anayekumbuka kitu angekichora kwa makaa. Watu wengine wawili wakisema wanakikumbuka pia, mimi ningepita juu yake kwa wino. Wasipopatikana wawili, makaa yanafutwa kwa kitambaa. Niliwaambia kwamba kwa njia hiyo hakuna mtu atakayetuletea mto aliouota.

Siku ya kwanza tulicheka sana. Fundi mmoja wa baiskeli alichora mkuyu uliokuwa karibu na stesheni, na karani mstaafu, mzee mwenye miwani aliyesahihisha kila mtu, akauinamia.

"Hii ni mti ama ni sukuma?" akauliza.

"Wewe chora yako basi, bana," fundi akajibu. Lakini karani akakubali kwamba mti ulikuwepo, mama mmoja naye akakubali, nikaupitishia wino na matawi yake yanayofanana na majani ya mboga ya sukuma.

Bibi alikuja siku ya pili, ameshikwa mkono na binti yake. Namwita Bibi kwa sababu ndivyo nilivyomwita tangu utotoni. Nyumba yake ilikuwa upande wa msikiti, yetu upande wa pili wa mteremko. Alinisalimia, akanipa pole ya msiba wa baba yangu, kisha akanitazama mikono kama vile anaangalia kama nimenawa. Binti yake alinivuta kando kabla hata mama yake hajapata kiti.

"Huyu mama siku hizi anasahau," aliniambia. "Juzi ameweka chumvi kwa chai ya wageni. Sisi watoto tumesema tufunge hii nyumba, nimpeleke kwangu Kitale. Yeye anakataa. Ati kichwa yake iko sawa, na atatuonyesha hapa leo."

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba sikujua. Bibi alikuja ukumbini kupigania nyumba yake, na silaha aliyokuja nayo ni kumbukumbu.

Na alikumbuka! Alionyesha palipokuwa na kinu cha kwanza, na karani akatikisa kichwa kukubali. Alionyesha kivuko cha magogo ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau, na wawili wakaitikia kwa pamoja. Binti yake alianza kukaa wima kwenye kiti. Kisha Bibi akashika kipande cha makaa, akapiga magoti juu ya shuka kwa taabu, akachora duara dogo, na mawe manne kuzunguka duara.

"Hapa palikuwa na chemchemi," alisema. "Tulikuwa tukifulia mikeka ya msikiti hapa, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia."

Duara lile lilikaa mahali vilipo vyumba vya baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa, mtu ambaye alama zake za kalamu nyekundu ziko kwenye madaftari ya nusu ya Bungoma. Nilipokuwa na miaka minane alinunua kipande kile cha bondeni kwa bei rahisi, kwa sababu kilikuwa na maji. Kisha akaleta malori ya kifusi na udongo mwekundu. Nilisimama pale siku nzima nikishangilia kila lori lilipoinua mgongo wake. Vyura waliruka, nasi watoto tukawakimbiza. Nakumbuka mawe manne, nakumbuka ladha ya maji yale, baridi hadi meno yanauma. Na nakumbuka mwanamke aliyeshuka kutoka upande wa msikiti na mkeka uliokunjwa kichwani, akasimama, akatazama lori likimwaga, akageuka akapanda mlima bila kusema neno. Mwanamke huyo sasa alikuwa amepiga magoti mbele yangu na vidole vyeusi kwa makaa.

Baba alijenga vyumba kumi pale. Chumba namba sita hakijawahi kukauka. Kila mwaka tunapaka chokaa, na kila mwaka ukuta unatoka jasho kuanzia chini, na kila mpangaji huambiwa ni mvua. Mama yangu anaishi kwa kodi ya vyumba hivyo. Na msimu ule kulikuwa na maneno mjini kwamba watu wa serikali wanapita wakipaka alama ya X nyekundu kwenye nyumba zilizojengwa juu ya njia za maji. Niliwaza X ile kwenye mlango wa mama. Niliwaza pia jina la baba kwenye ukuta wa ukumbi, si kwa maandishi, bali kwa duara la buluu ambalo kila mtu angelielewa. Tulikuwa tumemzika miezi mitatu tu kabla ya hapo.

Ningeweza kusema, "Naam, naikumbuka." Angehitajika mmoja tu zaidi.

Badala yake niliinua kichwa, nikauliza kwa sauti ya mwalimu, "Kuna mwingine anayeikumbuka?"

Nilijua jibu. Kwetu, kaburi likiwa bado bichi, aliyefiwa haguswi. Hata ugomvi wa mpaka hunyamaziwa mpaka udongo ushuke. Karani alikuwa ameteka maji pale utotoni mwake, aliwahi kunisimulia mwenyewe. Alivua miwani akaanza kuifuta. Fundi wa baiskeli aliangalia mlango. Akina mama wawili walianza kukunja leso zao. Walininyamazia kwa heshima, na mimi nikaitumia heshima yao kama rungu.

Bibi alingoja. Aliangalia uso mmoja baada ya mwingine, watu aliowajua miaka yote ile, na hakuna aliyemtazama.

"Si mnakumbuka?" akauliza. "Mawe yalikuwa manne."

Ningeishia hapo, ingekuwa dhambi ya kawaida. Lakini alikuwa bado ameshika makaa, na mimi niliogopa angeendelea kusema, angetaja lori. Nikachuchumaa karibu naye. Nilijua alizaliwa kijiji cha Bokoli, akaja mjini kwa ndoa. Nikamwambia kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma zaidi leo, "Bibi, labda unachanganya na chemchemi ya kwenu Bokoli."

"Bokoli?"

"Umri, Bibi. Hutupata sote."

Alinitazama. Nimetazamwa kwa hasira maishani, na kwa dharau, na nimestahimili. Hii haikuwa hasira. Alikuwa akinichunguza kuona kama mimi, mtoto wa jirani, ninaweza kumdanganya juu ya maji niliyokunywa. Akaamua kwamba siwezi. Niliona akiamua. Macho yake yakaondoka usoni pangu yakashuka kwenye duara, na kwa mara ya kwanza yakalitilia shaka.

"Labda," alisema.

Nikafuta kwa kitambaa. Makaa hayafutiki vizuri kwenye amerikani, yalibaki kivuli. Ukutani, tulipohamisha mchoro, nilijaza mahali pale kwa kundi la ng'ombe wanaolisha. Ni ng'ombe wazuri, watu hupenda kupiga picha mbele yao. Wa tatu kutoka kushoto amekanyaga chemchemi kwa kwato zote nne.

Siku ya kufungua ukuta kulikuwa na soda, keki na hotuba. Niliitwa mwana wa mwalimu anayefuata nyayo za babake, na nikapigiwa makofi. Binti wa Bibi alinijia akiwa peke yake.

"Ile mambo ya chemchemi ndiyo ilitusaidia kuamua," alisema. "Hata yeye mwenyewe aliacha kubishana. Nyumba tumefunga. Sasa anakaa kwangu Kitale, na haendi mahali peke yake. Asante sana kwa vile uliongea na yeye polepole."

Nilisema karibu. Ndilo neno lililonitoka, karibu, kana kwamba nimempa maji ya kunywa.

Kitale si mji mkubwa. Nilijua mtaa wao, na kwa miezi mitano nilizunguka njia ndefu ili nisipite hapo. Nikienda Kiminini kwa kazi, ndani ya matatu nilikaa upande wa dirisha usiotazama mtaa ule. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami nilijiambia kwamba ninaosha tu, namsitiri baba yangu. Uongo mtupu. Baba alikuwa zake kaburini, hana haja na mtu; niliyekuwa nikimsitiri alikuwa anakula mara tatu kwa siku na kulala vizuri.

Kilichonisukuma ni chumba namba sita. Mpangaji alihama kwa sababu mtoto wake alikohoa mfululizo, na mama akaniita nikatafute fundi. Fundi alibandua saruji ya sakafu kwenye kona. Tulisimama tukatazama maji yakipanda polepole, safi kabisa, yakajaa shimo dogo na kutulia.

"Hapa kuna kitu inapumua chini," fundi alisema. "Hii maji si ya mvua."

Nikachovya kidole, nikaonja. Baridi ile ile.

Usiku haukupita vizuri. Asubuhi nilikaa mezani nikachora. Nilichora mawe manne, maji katikati, mwanamke amekunja kanga hadi magotini, mkeka umetandazwa juu ya jiwe akiusugua kwa mkono. Nafikiri ndio mchoro bora niliowahi kufanya, na hilo nalo lilinitia aibu. Niliutia kwenye bahasha, nikaenda.

Bibi alikuwa ameketi uani, kwenye kiti cha plastiki, akichambua mchele ambao nina hakika ulikuwa umeshachambuliwa. Binti yake alileta chai, akakaa nasi. Nilitaka awepo. Nilikuwa nimejipanga kusema yote mbele yake, maana yeye ndiye aliyeshika funguo.

"Bibi," nikasema, "nimekuja kwa ile chemchemi. Ilikuwepo. Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Aliacha mchele. Kisha akacheka kidogo, akanishika mkono.

"Una huruma, mwanangu. Mwalimu alikulea vizuri." Akamgeukia binti yake. "Unamwona? Ametoka kwake kuja kunifariji."

"Sikufariji, Bibi. Nasema ilikuwepo."

"Hapana." Sauti yake ilikuwa imara, ya mtu aliyelihangaikia jambo hadi akalimaliza. "Watu wote wale walikuwa pale, na hakuna aliyeikumbuka. Hata wewe uliyezaliwa pale. Mimi nimezeeka, nimekubali. Usiseme uongo kwa ajili yangu, mwanangu. Ni dhambi."

Nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Baba yangu ndiye aliyeifukia, na vyumba vyetu viko juu yake. Kwa sentensi hiyo binti angeamini, kwa maana hakuna mtu anayemchafua babake ili kumfariji mwanamke mzee. Nilifungua mdomo. Nikamwona mama yangu, nikaiona X nyekundu, nikayaona makofi ya ukumbini. Nikafungua bahasha badala yake. Nilijidanganya kwamba mchoro utasema.

Bibi aliupokea kwa mikono miwili. Aliushika mbali, kisha karibu. Kidole chake kikapita juu ya mawe, moja, mawili, matatu, manne. Kikasimama kwenye mkeka. Kwa muda nilishusha pumzi, kwa maana uso wake ulikuwa umefunguka, alikuwa amefika pale, alikuwa anausikia ule ubaridi kwenye miguu yake.

"Pazuri," alisema taratibu. Kisha akaniinulia macho yenye furaha. "Umejuaje? Hii ni Bokoli kabisa."

Binti yake alinitazama kwa shukrani juu ya kikombe.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Ya zamani bado anayo."

Nilisema ndiyo. Nikamaliza chai, nikaomba ruhusa ya kuondoka.