Gari Linalotaka Misa

Pikapu yetu ilikuwa haitaki kusimama. Ikitembea haina neno, hata mlima wa Mkuyuni inapanda. Ila ukiondoa mguu kwenye mafuta inatetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu inazima.

Na Jumapili tulikuwa na misa Sengerema, ya kumwombea marehemu baba mkwe. Mama mkwe alikuwa kwetu akiuguza mguu ambao haukunjiki. Kupanda basi hawezi, pikipiki ndiyo usiseme. Anaweza kiti cha mbele cha pikapu tu, tukikisogeza nyuma mpaka mwisho.

"Ikizima njiani na mama yumo ndani?" mume wangu alisema. "Tumwambie hatuendi."

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

Hakumwambia.

Ijumaa akaja fundi. Akabadilisha plagi, akasafisha panapoingilia hewa, akawasha. Ikatetemeka vilevile.

"Bado inamisi," fundi akasema.

Mama mkwe akadakia kutoka barazani, "Inataka misa?"

"Inamisi, mama. Moto unakosakosa."

"Si ndiyo hiyohiyo! Anayekosa misa lazima atetemeke. Muulize huyo mwanangu, kanisani aliingia lini?"

Fundi alicheka mpaka spana ikamdondoka. Mume wangu akajifanya anatafuta kitambaa. Kweli, kila Jumapili anatupeleka mpaka mlangoni, halafu anabaki kwenye gari, eti analinda.

Jumamosi asubuhi niliiwasha mwenyewe, nikafungua boneti. Nilisali Salamu Maria tatu, sioni aibu kusema. Nilipomaliza nikasikia sss, kama tairi la baiskeli lenye pancha. Nikakumbuka somo la moto kwenye masomo ya jioni ninayohudhuria: hewa ikizidi mafuta, moto hauwaki sawasawa. Nikachukua kikombe cha maji ya sabuni, nikawa nadondoshea mipira ya hewa mmoja mmoja. Kufika kwenye mpira mwembamba wa nyuma, injini ikatulia. Maji yakaisha, ikatetemeka. Nikadondosha tena, ikatulia.

"Baba! Njoo usikie!" nikamwita mume wangu.

Akaja na mswaki mdomoni. Akazima, akaukunja ule mpira: chini yake umepasuka, mdomo wazi. Akakata kile kipande, akauchomeka upya, akabana. Tukawasha. Ikanguruma taratibu kama cherehani.

"Mwalimu wako wa jioni nampelekea samaki," akasema.

"Sato. Usije ukampelekea dagaa."

Jumapili tulifika Sengerema kengele haijalia. Nilimshusha mama mkwe, akashika fimbo yake, lakini hakuondoka. Mume wangu alikuwa bado kwenye usukani, injini inanguruma, anaisikiliza kwa raha zake.

Mama mkwe akagonga kioo kwa fimbo.

"Zima. Gari halimisi tena. Na wewe usimisi."

Akazima. Akashuka, akamshika mama yake mkono, mimi nikabeba pochi zote mbili.