Mama Sindano na Tone Lililobaki

Saa mbili asubuhi, Mama Sindano anawafukuza watu wote karibu na meza yake. "Nendeni mkapumulie huko!" anasema, macho kwenye hadubini. Mkononi ana sindano ya kioo yenye ncha isiyoonekana kwa macho matupu. Ukiigusa tu, imevunjika.

Ni fundi wa maabara mwaka wa ishirini na mbili sasa, amebakiza miezi minane kustaafu, na nyumbani hakuna anayeielewa kazi yake. "Mume wangu huwaambia watu kwamba ninapambana na chumvi," anacheka. "Basi, hajakosea sana."

Kazi yake ni kupima uzito wa protini kwa mashine. Protini nyingine haziishi ila kwenye maji ya chumvi. Ukiitoa chumvi, zinasambaratika. Ukiiacha, inazing'ang'ania kama kupe, na skrini inaonyesha ukungu mtupu.

Dawa ya ukungu huo aliipata kwa kosa. Mwaka juzi alizidisha moto kwenye kifaa kinachoyeyusha kioo na kukivuta kiwe sindano, zikatoka nyembamba kupita kiasi. Mkuu wake akamwambia azitupe. "Mimi na ubahili wangu, nikasema hebu nijaribu moja." Ncha ile ilitoa vitone vidogo mno, kila kimoja na chumvi kiduchu. Ukungu ukatoweka! Tangu hapo anazivuta hivyo makusudi, ingawa katika kila kumi, saba huziba au huvunjika.

Leo ni kufa na kupona. Mtafiti kijana anayetafuna kucha mlangoni ameihangaikia protini yake miaka mitatu, na limebaki tone moja.

"Mama, mikono haitetemeki?"

"Inatetemeka, mwanangu. Ndiyo maana nimekwambia usinisemeshe."

Analiingiza tone kwenye sindano, anawasha mashine. Skrini tupu. Dakika inapita. Mtafiti anafumba macho. Mama Sindano anaongeza msukumo wa hewa kidogo, kidogo tena, huku akiibembeleza sindano kwa sauti ya chini.

Mistari inachomoza, myembamba, safi: uzito wa protini unasomeka. Mtafiti analia waziwazi, na Mama Sindano naye anafuta miwani ambayo haina vumbi.

Anachotaka kabla ya kustaafu ni kimoja: ujuzi huu usiondoke naye. Wala hasubiri kesho.

"Vuta kiti," anamwambia mtafiti, akimsogezea boksi la mirija ya kioo. "Leo utavuta sindano mpaka uvunje hamsini. Nikikuona unaogopa, naongeza."