Jina la Bi Rehema kwa Kihispania

Siku ile ikinijia akilini, mwanangu, sikai kitini. Hata sasa nimesimama.

Nilikuwa kijana, mpiga chapa katika duka dogo la Makadara. Kihispania nilikiokota kwa vitabu vya kuazima na kwa mabaharia wa Mbaraki, nikajiona hakuna wa kunifikia mji mzima. Bi Rehema binti Faraji, jirani yetu wa Kibokoni, akaniletea cheti chake cha kuzaliwa na barua ya kuomba viza, nimtafsirie kwa Kihispania. Binti yake Salama aliolewa Uhispania na mimba ya kwanza ilikuwa imekomaa. Desturi yetu waijua: mzazi akishajifungua hukaa siku arubaini akiuguzwa na mamake, akikandwa, akifungwa mkaja tumboni, akinyweshwa uji wa pilipili manga. Bi Rehema alitaka kuwahi.

Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye alama za mkazo. Mashine haikuwa nazo, basi nikazichora kwa kalamu: juu ya algodón, pamba ya ule mkaja alioutaja baruani, juu ya té, majani ya chai aliyotaka kumpelekea mwanawe. Nilipofika kwenye majina kichwa kikavimba. Nikatafsiri maana yake: Rehema nikaandika Compasión, yaani huruma, alama safi juu ya o. Faraji nikaandika Alivio, yaani faraja. Nikaona nimemfanyia hisani, wala sikumuuliza.

Karatasi zikarudishwa na ubalozi. Jina la pasipoti lilikuwa moja, la cheti jingine. Kuzitengeneza upya na kungoja zamu kulikula majuma manane. Salama akajifungua huku nyuma, akaimaliza arubaini peke yake ugenini, akijifunga mkaja kwa mikono yake mwenyewe.

Bi Rehema alikuja dukani. Laiti angenigombeza!

"Jina hili n'lipawa na babangu," alinambia. "Ni la mamake. Wewe umelibadili kwa idhini ya nani?"

"Nilitaka lipendeze, Bi Rehema. Niwie radhi."

"Radhi nimekupa. Lakini mwanangu alikuwa akinita, nami niko hapa."

Niliona aibu, mwanangu, na bado naiona. Sasa nyinyi vijana mwafanya kazi ile ya kutafsiri kwa simu, kufumba na kufumbua imekwisha, na mimi roho hunipanda juu. Nataka kuwapokonya hizo simu!

Basi nisikilize. Chai, sukari, pamba, vitafsiri, na kila alama iweke pahala pake, maana kazi ya ovyo nayo ni dharau. Jina la mtu usiliguse. Liandike kama lilivyo kwenye karatasi zake, kisha msomee mwenyewe akusikie, hata akiwa na haraka, hata ukijiona bingwa.

Nenda, Mungu akufungulie. Na siku utakapomwita mtu wako, akujaalie afike, asizuiwe njiani na mjuaji kama mimi.